Kisiwa gani twende? Tuanze na kivuko, picha baadaye

Kuanzia mwezi wa tatu barua zenu hubadilika. Mambo ya kodi na viza hupungua, na likizo huchukua nafasi yake. Mwaka huu wengi mmeuliza visiwa vya Uingereza, na karibu kila barua imeambatana na picha ya ufukwe. Niwaambie mapema ninavyopima mimi: kabla sijatazama ufukwe, nauliza nitavukaje. Kuna visiwa vya daraja, vya pantoni, vya ndege, na vile ambavyo bahari yenyewe ndiyo inayokufungulia njia. Ukilijua hilo, umeshajua nusu ya gharama na nusu ya uchovu.

Tuko watano: mimi, mume wangu na watoto wa miaka 4, 8 na 11. Tuna gari. Agosti tunataka wiki moja kisiwani ila mfuko si mnene. Kila mtu anatuambia Isle of Wight. Ndiyo rahisi kweli?
*Mama watatu, Leicester*

Dada, Isle of Wight iko karibu kwa macho, mbali kwa mfuko. Ukisimama ufukweni Southsea, pale Portsmouth, unaiona hiyo hapo ng'ambo, unahisi ungepiga mbizi ungefika. Lakini kulivusha gari na familia nzima mwezi wa Agosti, shule zimefungwa na kila mtu anataka kuvuka, hiyo nauli itakutoa jasho. Sisi mwaka wa kwanza tulikata tiketi ya gari kwa pupa. Katika siku 7, gari lilikaa siku 4 limeegeshwa mbele ya nyumba, linanyeshewa.

Tangu hapo gari tunaliacha bara, tunavuka kwa miguu. Na kwa watoto, kuvuka kwenyewe ndiyo starehe. Pale Southsea kuna hovercraft, chombo kinachoelea juu ya hewa, kinachofika Ryde kwa dakika 10 hivi. Kinapanda ufukweni chenyewe, kinanguruma hadi unaziba masikio, kisha ile sketi yake ya mpira inanywea kama puto na mnashuka miguu mikavu. Hapo hapo Ryde mnadandia treni ya kwenda Sandown na Shanklin kwenye mchanga. Mabehewa yake yaliwahi kubeba watu District Line, London, kabla ya kustaafishwa na kuletwa kisiwani. Siku mvua ikinyesha, na itanyesha, nendeni kwa basi Osborne, nyumba ya Malkia Victoria, alikofia Januari 1901.

Ila kwa kuwa mna gari na mnatoka Leicester, ningekuwa wewe ningeelekea Anglesey, kaskazini mwa Wales. Huko kuna madaraja mawili, la Menai la mwaka 1826 na la Britannia la 1850, na hakuna anayekudai nauli ya kuvuka. Mmesahau maziwa ya mtoto? Mnageuza gari. Bahari imechafuka? Haiwahusu. Pauni mlizookoa zinakuwa samaki na chipsi wiki nzima. Muende Newborough: msitu wa misonobari, halafu ufukwe mrefu, na mwisho wake kijisiwa cha Llanddwyn ambacho maji yakijaa sana hutengana na nchi kavu. Huko ndiko alikoishi, kwa mujibu wa masimulizi yao, Dwynwen, mtakatifu wa wapendanao wa Wales. Huyo wa miaka 11 mpeleke Llanfairpwll, kile kijiji ambacho jina lake kamili lina herufi 58. Akilitamka lote bila kukwama, mnunulie aiskrimu mbili.

Ni mwanafunzi, sina gari, nina Jumamosi na Jumapili tu na pesa za kuhesabu. Kuna kisiwa cha kwenda kutoka hapa?
*Mwanafunzi, Glasgow*

Mdogo wangu, unakaa mahali pazuri kuliko sisi wote. Panda treni Glasgow Central hadi Largs, mwendo wa kama saa moja, tembea hadi gatini, panda pantoni ya dakika 10 uingie Cumbrae. Basi linasubiri abiria wa pantoni, linakupeleka Millport, mji pekee wa kisiwa. Kodi baiskeli. Barabara inazunguka kisiwa chote kandokando ya bahari, kilomita 16 hivi, na karibu yote ni tambarare. Kuna jiwe lililopakwa rangi likafanana na mamba. Ukirudi jioni kulala kwako, hata pesa ya malazi hujaitoa.

Ukiwa na nguvu za kupanda mlima, Arran ni kubwa zaidi na kilele chake, Goat Fell, kina mita 874. Pantoni hutua Brodick. Kabla hujakata tiketi ya treni hakikisha tu siku hiyo inaondokea bandari ipi, Ardrossan au Troon, maana ukikosea unabaki gatini unaiangalia ikiyoyoma.

Nimekuja kumtembelea mwanangu. Nyumbani Tanga nimefuga ng'ombe wa Jersey miaka mingi, na nimeambiwa Jersey ni kisiwa hapa hapa. Natamani kuona walikotoka. Je, viza yangu ya Uingereza inatosha?
*Babu, kwa sasa Reading*

Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili kwa furaha.

Ni kweli, ng'ombe huyo alitoka huko, na mwenzake Guernsey alitoka kisiwa jirani. Wanajersey walimlinda ng'ombe wao kwa wivu hasa: mwaka 1789 walipitisha sheria ya kuzuia ng'ombe wa nje kuingia, wasije wakachanganya damu. Hadi leo ukipita mashambani utawaona wale wale unaowajua, rangi ya kahawia laini, pua nyeusi iliyozungushiwa weupe, macho kama yamepakwa wanja. Maziwa yao huko hutengenezwa siagi ya manjano iliyokolea. Wewe hutahitaji kuelezwa kwa nini.

Sasa viza. Jersey iko chini ya Mfalme lakini si sehemu ya Uingereza kama Reading ilivyo. Ina serikali yake, bunge lake na idara yake ya uhamiaji. Kwa kawaida viza ya Uingereza iliyo hai hutambuliwa huko, kwa kuwa visiwa hivi viko kwenye eneo moja la safari na Uingereza. Hata hivyo, mwambie mwanao awaandikie uhamiaji wa Jersey, awatajie aina ya viza yako na tarehe zako, apate jibu la maandishi kabla ya kulipia ndege. Na pasipoti ubebe, hata kama safari inaonekana ya ndani. Kutoka Gatwick ndege huchukua kama saa moja.

Mambo mawili ya tahadhari, mzee. La kwanza, Ufaransa iko kilomita 22 tu kutoka hapo, na boti za kwenda Saint-Malo zipo. Mtu atakwambia, "Twende tukanywe kahawa, turudi jioni." Usikubali. Hiyo ni Schengen, eneo la nchi za Ulaya zenye viza yao ya pamoja, na viza yako haifiki huko. La pili, pesa. Jersey huchapisha pauni zake, thamani ni ile ile, na pauni za Uingereza zinapokelewa huko bila shida. Lakini ukirudi Reading na noti za Jersey mfukoni, muuza duka atakutazama kama umezichapisha mwenyewe. Zimalize kabla ya kuondoka. Na simu pia: mwanao aulize kampuni yake kama Jersey imo kwenye kifurushi, maana mara nyingi haimo.

Ukiwa huko muombe akupeleke Elizabeth Castle. Maji yakipwa unatembea kwa miguu hadi ngomeni. Yakijaa unapelekwa na gari linalopita majini. Maji ya Jersey hupanda na kushuka hadi mita 12. Mtu wa Tanga aliyezoea mita zetu 3 na kidogo lazima ashike kichwa.

Tunafunga ndoa mwezi wa tano. Fungate tunataka Skye, tumeona picha zake. Sisi ni Waislamu, tunajali chakula na sala. Unashauri mwezi wa saba?
*Bi harusi mtarajiwa, Milton Keynes*

Hongera mwanangu, Mungu awajalie. Skye, kisiwa hicho cha Scotland, ni nzuri kama picha zake, hapo sibishi. Ina daraja tangu 1995 na tozo yake ilifutwa 2004, kwa hiyo kufika ni petroli na uvumilivu tu. Tatizo ni kwamba picha hizo hizo wameziona watu wote. Mwezi wa saba pale Old Man of Storr, ile nguzo ya mwamba ya kwenye picha, utaanza kwa kutafuta pa kuegesha. Barabara nyingi ni za gari moja, zenye vituo vya kupishana, na ukikutana na basi la watalii mmoja wenu atarudi nyuma. Juu ya hayo kuna usubi. Hao wadudu ni wadogo kuliko mbu, hawapigi kelele, wanakuja wingu zima jioni isiyo na upepo. Fungate la kujikuna silipendekezi. Nendeni mara tu baada ya harusi, Mei hiyo hiyo, usubi bado haujachachamaa na hali ya hewa mara nyingi inakuwa na huruma.

Au mvuke mbele zaidi. Kutoka Uig, hapo hapo Skye, kuna pantoni ya kwenda Tarbert, Harris. Huko kuna ufukwe wa Luskentyre, mchanga mweupe na maji ya rangi ya feruzi. Ukipiga picha na kuituma nyumbani watadhani mko Paje. Tieni mguu majini mkumbuke mko wapi.

Faida nyingine: Harris imeungana na Lewis, ni kisiwa kimoja chenye majina mawili, na mji wa Stornoway ulioko Lewis una msikiti tangu 2018. Ni mdogo, na waliousimamisha ni jamii ndogo iliyoishi huko miaka mingi. Mkifika kwa gari Ijumaa, mmepata jamaa. Nyama nunueni Glasgow mbebe kwenye kisanduku cha barafu, mpange nyumba yenye jiko, siku nyingine mle samaki. Jumapili maduka mengi hufungwa. Huko watu wa kanisa wameishika siku yao kwa nguvu. Hadi 2009 hata pantoni ya Stornoway haikuondoka Jumapili. Jazeni tanki Jumamosi. Na mkichelewa hadi Juni, jua linazama saa nne na nusu usiku, Isha inakuwa mtihani. Fuateni ratiba ya msikiti.

Kisiwa cha joto kipo? Kimoja tu.
*Nimechoka na baridi, Hull*

Hakipo. Kinachokaribia ni Scilly, kilomita 45 kutoka ncha ya Cornwall. Barafu ni nadra huko, minazi haipo lakini bustani ya Tresco ina mimea ya Afrika Kusini inayostawi nje mwaka mzima, na maua huchumwa katikati ya majira ya baridi kupelekwa sokoni bara. Maji ya bahari ni baridi hata Agosti. Meli hutoka Penzance, safari ya karibu saa tatu, na imetengenezwa isizame sana majini kwa sababu bandari ni ya kina kifupi. Chombo cha namna hiyo mawimbi hukichezea. Tafuna tangawizi, kaa nyuma katikati, macho kwenye upeo wa bahari. Au uza mbuzi upande ndege.

Jamaa zangu wanasema ukienda Holy Island na gari unaweza kuzama. Mimi nimekulia Pemba, naona wananitisha tu.
*Mpemba, Newcastle*

Ndugu yangu, hawakutishi. Nenda, lakini nenda kama Mpemba, usiende kama dereva. Lindisfarne, ndilo jina lake jingine, imeunganishwa na bara kwa barabara ya lami ambayo bahari huifunika mara mbili kila siku. Kila mwaka magari hukwama. Ukiitazama utaelewa kwa nini: maji hayaji na wimbi la kukutisha. Unaona lami inang'aa kidogo pembeni, unasema hayo ni maji ya mvua. Mbele kidogo mstari mweupe wa katikati unapotea. Ukitazama kioo cha nyuma, ulikotoka pia hakuna barabara. Kuna kibanda cheupe juu ya nguzo, chenye ngazi, kimejengwa kwa ajili ya watu kama hao. Wanakaa humo wakitazama gari lao likigeuka ngalawa.

Saa salama za kuvuka hutangazwa na halmashauri ya Northumberland na zimebandikwa pale pale mwanzo wa barabara. Zifuate kwa dakika. Usiseme "bado kina cha vidole viwili". Wewe unajua bamvua: mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji hujaa kupita kiasi, na upepo ukiyasukuma huwahi.

Ukitaka kukifaidi kisiwa hicho, lala huko usiku mmoja. Mchana ni msongamano, watu wanapiga picha magofu ya monasteri na kuulizana saa ya kurudi. Monasteri ya kwanza ilianzishwa hapo mwaka 635, na mwaka 793 Waviking waliivamia kwa majahazi yao. Barabara ikifunikwa, magari yote yameshaondoka. Unabaki na wenyeji, sili wanaolia mchangani, na bahari pande zote. Hapo utakikumbuka kwenu.

Mimi ni dereva wa bodaboda mstaafu. Isle of Man kwenye mashindano ya pikipiki, inafaa?
*Dereva, Birmingham*

Kwako wewe inafaa, kwa mwingine yeyote ningesema aikwepe wiki hizo mbili za mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni. Mashindano ya TT yalianza 1907 na bado yanafanyika kwenye barabara za kawaida, mzunguko wa kilomita 60 unaopita vijijini, kati ya kuta za mawe na mabustani ya watu. Meli hutoka Heysham hadi Douglas, safari ya karibu saa nne, na nafasi za pikipiki huisha miezi mingi kabla. Ukiamua ni ya mwakani, tafuta tiketi ya meli leo, chumba kesho, na kofia ngumu unayo.