Je, ufupi wa binti yangu ni damu ya ukoo?

Swali

Shikamoo Bibi. Nina watoto wawili, tunaishi nje kidogo ya Makambako, mkoani Njombe. Binti yangu wa pili ana mwaka mmoja na miezi minane. Mwezi uliopita kliniki walimpima urefu wakapata sentimita 75, wakaniambia amedumaa. Nilishangaa, kwa sababu mashavu anayo, na kwenye mizani hajawahi kuwa na shida. Chakula nacho hatukosi: tunalima mahindi, maharage na viazi, parachichi tunauza. Mama mkwe anasema nisihangaike, ukoo wao wote ni wafupi, damu ni damu. Jirani anasema nimembemenda mtoto, maana nina mimba ya miezi mitatu na bado namnyonyesha. Mimi mwenyewe ni mfupi. Nimsikilize nani?

Mama G., Makambako

Jibu

Marahaba, mwanangu. Nianze na lile linalokuumiza zaidi: hukumbemenda mtoto. Baba na mama kukutana hakuharibu maziwa wala hakumdhuru anayenyonya. Katika miaka 34 ya uuguzi nimeona wanawake wengi wakiinamisha vichwa kliniki kwa sababu ya neno hilo, na kila nikiliona liliniuma. Kuna jambo moja tu la kweli lililojificha humo. Mama akishika mimba, mara nyingi mtoto huachishwa ziwa siku hiyo hiyo akahamishiwa kwenye uji mtupu. Hapo ndipo anapodhoofu. Kama mimba yako haina matatizo, endelea kumnyonyesha, ila wewe ule zaidi.

Sasa tuje kwenye namba. Mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili hupimwa akiwa amelala kwenye ubao, na kazi hiyo ni ya watu wawili. Mmoja anashika kichwa kiguse mwisho wa ubao, mwingine anakandamiza magoti taratibu na kusogeza kibao mpaka kwenye nyayo. Viatu na soksi vinavuliwa. Kama kasukwa, misuko ya utosini ifumuliwe, maana fundo moja la nywele linadanganya sentimita nzima. Omba arudiwe hivyo. Lakini ikitoka 75 tena, wauguzi wako wamesema kweli. Msichana wa miezi 20 kwa wastani ana sentimita kama 82 na nusu hadi 83, na akiwa chini ya 76 na nusu hivi tunasema amedumaa. Mashavu hayawezi kukuonyesha hilo. Uzito unaeleza wiki chache zilizopita, urefu unaeleza habari tangu tumboni. Ndiyo maana mtoto mnene anaweza kuwa amedumaa, na ndiyo maana mama wengi hushtuka kama ulivyoshtuka.

Mama mkwe hajakosea yote. Kimo kinarithiwa. Mwaka 2022 wanasayansi walichapisha utafiti wa watu zaidi ya milioni tano, wakakuta sehemu zipatazo 12,000 kwenye vinasaba zinazochangia urefu wa mtu. Kwa watu wazima waliokua wakila vizuri, tofauti kubwa ya vimo vyao inatokana na urithi. Lakini kwa mtoto wa umri wa binti yako mambo yako tofauti, na kuna kazi moja iliyonifunza hili kuliko semina zote nilizokaa. Kati ya mwaka 1997 na 2003 Shirika la Afya Duniani lilifuatilia watoto wapatao 8,500 katika miji sita: Pelotas ya Brazili, Accra, Delhi, Oslo, Muscat na Davis ya Marekani. Walichagua watoto ambao mama zao hawakuvuta sigara, walionyonyeshwa inavyotakiwa, na ambao nyumbani hali yao ya maisha haikuwa kikwazo cha kukua. Mtoto wa Accra na wa Oslo, wa Muscat na wa Delhi, walirefuka karibu sawasawa mpaka miaka mitano. Vipimo vya ukuaji vilivyotolewa mwaka 2006, ndivyo wauguzi wako wanavyotumia leo, vimetokana na watoto hao.

Hebu tazama na kwetu. Miaka ya 1990 karibu nusu ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Mwaka 2022 walikuwa asilimia 30. Damu ya taifa haibadiliki kwa miaka thelathini. Na mwaka huo huo wa 2022, Iringa ilikuwa na asilimia kama 57, Njombe na Rukwa kama 50. Ndiyo mikoa inayolisha nchi! Kila nikizisoma namba hizo moyo unauma, kwa sababu watoto hao nimewabeba mikononi.

Mwulize mama mkwe kwa upole alikula nini alipokuwa mdogo, na mama yake je. Mimi nilikulia Dodoma. Mwaka 1974, wa ile njaa, nilikuwa na miaka 12, tukila unga wa njano wa msaada tuliouita Yanga. Nina wadogo zangu wawili wa kiume, baba mmoja mama mmoja. Mmoja alizaliwa 1969, mwingine alizaliwa mwanzoni mwa mwaka ule wa njaa. Wakisimama pamoja, mkubwa anampita mdogo wake kichwa kizima. Siwezi kuapa kwamba ni njaa peke yake, ndugu hutofautiana. Lakini nakumbuka mama akikoroga uji ule mwepesi huku ziwa limekauka. Msichana aliyedumaa akikua anakuwa mama mfupi, na mama mfupi aliyelishwa vibaya huwa kwenye hatari zaidi ya kuzaa mtoto mdogo. Vizazi vitatu vikipita hivyo, watu husema ni ukoo.

Nikirudi nyumbani kwako, sidhani kama tatizo ni njaa. Nahisi ni bakuli. Umeniandikia mahindi, maharage, viazi, na parachichi linaloenda sokoni. Sijaona yai, dagaa wala maziwa. Na najua msimu wa kupalilia: mama anaondoka alfajiri, mtoto anabaki na dada yake na chupa ya uji wa sembe, mwepesi ili usikauke, wanaonana tena jioni. Tumbo la mtoto wa umri huo ni dogo, uji mwepesi unalijaza maji.

Kesho fanya hivi. Pika uji, uchote kwa kijiko, kisha ukiinamishe. Ukimwagika kama chai, ongeza unga. Unatakiwa udondoke polepole, kwa mabonge. Tumia dona au ulezi badala ya sembe. Dagaa wakaushe vizuri, uwatoe vichwa, uwasage, uweke kwenye kopo, kila bakuli la uji au ugali laini litie kijiko kimoja. Yai likipatikana ni lake kabla ya kuuzwa. Katika kila tenga la parachichi toa mawili ya nyumbani. Apewe bakuli lake peke yake, maana kwenye sinia moja na dada yake atashindwa mbio. Ale mara tatu au nne kwa siku, na kitu kidogo katikati.

Kuharisha nako kunarudisha nyuma, hata kama hakuonekani kukubwa. Kuku wasilale jikoni, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kumlisha. Mahindi na karanga zenye ukungu usimsagie. Sumukuvu haitoki kwa kuosha wala kwa kupika, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara.

Kuna jingine ambalo kliniki hatulisemi vya kutosha: ongea naye, cheza naye. Kingston, Jamaika, mwaka 1986 na 1987, waliwachukua watoto 129 waliodumaa, wa miezi 9 hadi 24. Nyumba za baadhi yao zilitembelewa saa moja kila wiki kwa miaka miwili, mama akifundishwa kucheza na mtoto kwa vitu vya kutengeneza nyumbani. Miaka ishirini baadaye waliotembelewa walikuwa wakipata kipato kikubwa kwa robo kuliko waliodumaa wenzao ambao hawakupata michezo hiyo. Vifuniko vya chupa kwenye kopo vinatosha. Mwambie na dada yake ampigie hadithi, asimwache amekaa kwenye mkeka kimya.

Kwa mimba hii, usingoje tumbo lionekane. Nenda kliniki wiki hii, uanze vidonge vya madini ya chuma na foliki, ulale kwenye chandarua, uongeze mlo mmoja kila siku. Mwonyeshe baba G. barua hii kama itasaidia; ndoo za maji na jembe la mchana sasa agawane nawe.

Binti apimwe tena kila mwezi, urefu na uzito, mpaka atimize miaka miwili na kuendelea. Miezi minne iliyobaki si midogo, nimeona watoto wakipanda. Ikiwa anakula hivi miezi miwili mitatu na urefu bado umesimama, omba daktari amwangalie, kwa sababu kuna magonjwa, na mara chache hitilafu za kuzaliwa nazo, zinazohitaji vipimo. Niandikie namba ya mwezi ujao, na uniambie kama misuko ilifumuliwa.