Muhtasari, ufupisho na kifupisho

Dada, umeuliza kama muhtasari, ufupisho na kifupisho ni kitu kimoja. Hapana. Kifupisho ni cha neno au maneno machache tu: n.k. (na kadhalika), k.m. (kwa mfano). Ufupisho ni kuipunguza habari ya mtu ibaki na mawazo makuu, kama kwenye mtihani: ukiambiwa maneno 60 ni 60, na huongezi lako. Kwenye muhtasari ndipo uwe makini, maana unaweza kuwa maelezo mafupi ya jambo, lakini muhtasari wa kikao ni kumbukumbu za kikao hicho. Hapa Tanzania, ukiambiwa upeleke mahakamani muhtasari wa kikao cha ukoo kwa ajili ya mirathi, usiandike aya moja fupi. Weka tarehe, mahudhurio, jina la aliyependekezwa kuwa msimamizi, na sahihi. Sisi tulirudishwa kwa sababu ya sahihi mbili zilizokosekana, tena msiba ukiwa bado mbichi.