Kutu si pepopunda

Bati jipya, halina kutu hata kidogo, limenikata mkono. Nahitaji sindano kweli? (Msomaji, Kondele)

Swali hili linarudi kila mara. Kutu haileti pepopunda. Mbegu za bakteria wake hukaa kwenye udongo na mavi ya mifugo, na huamka ndani ya jeraha lenye kina lisilofikiwa na hewa. Mwiba wa zizini unatisha kuliko bati lako. Jeraha likiwa dogo na safi, dungwa tu ikiwa hukumaliza chanjo zako, hujui, au ya mwisho imepita miaka 10. Likiwa na uchafu, hesabu miaka 5.

Nikijikata kazini napasua kapsuli ya amoksilini, namwaga unga kwenye kidonda, nafunga kitambaa. Inatosha? (Fundi wa jua kali, Kibuye)

Haitoshi, na acha leo. Unga ule hugandamana na damu, uchafu ukabaki chini yake. Osha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, toa vumbi la chuma lote, kisha nenda ukadungwe.

Nimejikata mguu kwa jembe nikitifua shamba lenye samadi. Mke wangu alidungwa akiwa mjamzito, mimi sikumbuki. (Mkulima, Webuye)

Hapa ndipo wanaume wanaponiumiza roho. Mama akienda kliniki na mimba, anachanjwa. Baba anayeshika jembe na panga kila siku hana pa kuulizwa. Nenda hospitali leo, usingoje maumivu. Waambie hujui kama uliwahi kuchanjwa. Kwa jeraha kama hilo huenda ukahitaji pia sindano ya kingamwili zilizo tayari, kwa sababu chanjo huchukua muda kufanya kazi. Usiishie sindano moja: ya pili ni baada ya wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6. Wengi hupotea kidonda kikifunga. Dalili kwa kawaida hujitokeza kati ya siku 3 na 21. Taya likikaza, shingo ikiwa ngumu, kimbia hospitali.

Mama mkwe anataka tupake kitovu cha mtoto majivu. (Mama, Molo)

Hapana, mama. Wala samadi. Mheshimu kwa mengine yote, si kwa hili. Paka dawa ya kitovu uliyopewa kliniki pekee.

Mwanangu anatahiriwa Agosti. Nimpeleke achanjwe lini? (Mzazi, Bungoma)

Sasa hivi. Kumdunga mkesha wa tohara ni kuchelewa, mwili unahitaji wiki kadhaa kujijenga. Matope anayopakwa kijana mtoni yaoshwe mbali na kidonda. Nenda na kijitabu chake cha kliniki, wakiangalie kama alimaliza chanjo za wiki ya 6, 10 na 14.