Mkopo wa FHA: bima inamlinda nani, na maswali mengine ya wanaonunua nyumba Marekani

Maswali yafuatayo yanahusu mikopo ya nyumba inayowekewa bima na FHA, taasisi ya serikali ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1934 na ambayo sasa iko chini ya wizara ya nyumba, HUD.

Kama mkopo wangu una bima ya serikali, nikipoteza kazi bima itanilipia?

Hapana. Bima hii ni ya mkopeshaji. FHA haikopeshi mtu. Fedha zinatoka benki au kampuni ya mikopo, na nyumba ikiuzwa kwa hasara baada ya wewe kushindwa kulipa, FHA inamfidia aliyekopesha. Unayelipia bima hiyo ni wewe. Faida yako ni kwamba mkopeshaji aliyeondolewa hofu ya hasara anakubali kianzio kidogo (fedha unazotanguliza mwenyewe kwenye bei ya nyumba) na historia ya mikopo yenye kasoro.

Kazi ikikatika, ipigie simu kampuni inayopokea marejesho yako kabla hujakosa hata mwezi mmoja. Kwa kawaida hatua za kunyang'anya nyumba haziruhusiwi kuanza mpaka deni lichelewe kwa zaidi ya siku 120, na ndani ya siku hizo kuna njia kadhaa za kupewa nafuu. Washauri wa nyumba waliosajiliwa na HUD husaidia bure mtu aliye hatarini kupoteza nyumba. Anayekutoza fedha nyingi mapema kwa ahadi ya "kuokoa nyumba yako" mkimbie.

Bima yenyewe ni shilingi ngapi, na inaisha lini?

Ni dola, na zinalipwa kwa awamu mbili: mwanzoni, kisha kila mwezi. Tuchukue nyumba ya dola 300,000 na kianzio cha chini kabisa, asilimia 3.5, yaani dola 10,500. Mkopo ni dola 289,500. Bima ya mwanzo ni asilimia 1.75 ya mkopo huo: dola 5,066. Karibu kila mtu huiongeza juu ya deni badala ya kuilipa taslimu, kwa hiyo anaanza akidaiwa dola 294,566 na kiasi hicho chote kinatozwa riba. Kisha kuna bima ya kila mwaka, ambayo kwa mkopo wa miaka 30 wa ukubwa huu ni asilimia 0.55, ikigawanywa kwa miezi 12. Mwaka wa kwanza ni kama dola 132 kwa mwezi, na inapungua polepole kadiri deni linavyoshuka.

Sehemu inayowaumiza wengi ni muda. Ukiweka kianzio cha chini ya asilimia 10, bima ya mwezi haifutiki hadi mkopo uishe, hata kama nyumba imepanda thamani mara mbili. Ukiweka asilimia 10 au zaidi, inakoma baada ya miaka 11. Wasomaji wengi wamesikia kwamba bima inaondoka ukishamiliki asilimia 20 ya nyumba. Hiyo ni kanuni ya mikopo ya kawaida, ile isiyo na bima ya serikali, si ya FHA. Mwenye FHA aliyefika hapo, na alama zake za mkopo (namba inayoonyesha jinsi anavyolipa madeni) zikiwa nzuri, hutoka kwa kuchukua mkopo wa kawaida unaolipa ule wa FHA. Ila apige hesabu kwanza, maana riba mpya ikiwa juu sana kuliko ya zamani, bima aliyoikwepa ataikuta ndani ya riba.

Alama zangu za mkopo ni 560. Naweza kutumia kianzio cha asilimia 3.5?

Kwa kianzio hicho unahitaji 580. Kati ya 500 na 579 FHA inadai asilimia 10, na chini ya 500 hakuna. Lakini hizo ni kanuni za FHA tu, na mkopeshaji ana ruhusa ya kuweka masharti magumu zaidi. Wako wengi wanaotaka 620, kwa hiyo ukikataliwa na mmoja, nenda kwa mwingine. Zikipatikana alama tatu, moja kutoka kila shirika la kumbukumbu za mikopo, huchukuliwa ya katikati. Mkikopa wawili, hutumika ya yule aliye chini.

Kwa kuwa alama za mke wangu ziko chini, nimeomba mkopo peke yangu. Tunaishi Texas. Kwa nini mkopo wake wa gari umehesabiwa?

Kwa sababu ya sheria ya Texas kuhusu mali ya wanandoa, ambayo kwa kawaida huhesabu mali na madeni ya ndani ya ndoa kuwa ya wote wawili. Majimbo tisa yana mfumo huo: Arizona, California, Idaho, Louisiana, Nevada, New Mexico, Texas, Washington na Wisconsin. Kwenye majimbo hayo madeni ya mwenzi asiyekopa yanaingia kwenye hesabu yako, ingawa mapato yake hayaingii. Alama zake hazitumiki kukukatalia.

Hesabu inayoguswa ni uwiano wa madeni. Jumla ya malipo yako ya mwezi, nyumba ikiwemo, ikigawanywa kwa mapato kabla ya kodi, kiwango cha msingi ni asilimia 43. Mfumo wa kompyuta unaopima maombi unaweza kumpitisha mwenye sifa nzuri hadi karibu 57. Kama gari limebakiza marejesho machache, huenda kulimaliza kukakufaa zaidi kuliko kuongeza kianzio. Muulize afisa wa mkopo apige hesabu kwa njia zote mbili.

Kaka yangu anataka kunipa kianzio chote. Na je, fedha za upatu zinakubalika?

Zawadi inakubalika, hata ikiwa ndiyo kianzio kizima. Inatakiwa barua yenye jina la mtoaji, simu yake, uhusiano wenu, kiasi, na kauli kwamba si mkopo na haitarudishwa, ikiwa na sahihi zenu wawili. Ambatisha uthibitisho wa fedha kutoka kwenye akaunti yake na kuingia kwako. Angalizo moja kwetu sisi tunaoita watu wengi "kaka": binamu hayumo kwenye orodha ya wanafamilia ya FHA. Anaweza kutoa kama rafiki wa karibu, mradi ukaribu wenu uonyeshwe kwa maandishi, lakini usimwandike kuwa ndugu wa tumbo moja. Hilo ni kusema uongo kwenye ombi la mkopo.

Upatu nao unatambuliwa na kanuni kama kikundi cha kuweka akiba. Kinachowaangusha watu ni kukosa karatasi: onyesha daftari la michango, risiti, na barua ya mweka hazina kwamba kikundi bado kinaendelea. Ikiwa umepokea zamu yako mapema na bado unachangia, mwambie mkopeshaji. Hilo ni deni. Muuzaji naye anaweza kukuchangia hadi asilimia 6 ya bei kwa ajili ya gharama za kukamilisha ununuzi, ila si kwa kianzio.

Tulikubaliana dola 300,000, mthamini akasema 285,000. Nifanyeje?

Mkopo unafuata namba iliyo ndogo. Muuzaji akishikilia bei yake, utahitaji dola 9,975 za kianzio na dola 15,000 za pengo, mfukoni mwako. Kwanza muombe ashushe. Akikataa, tafuta kwenye mkataba kipengele ambacho FHA inakilazimisha: thamani ikiwa chini ya bei, una haki ya kujitoa na kurudishiwa amana yako, yaani fedha ulizotoa kuonyesha nia ya kununua. Usikubali kushawishiwa na dalali kwamba amana imeshaliwa.

Mthamini wa FHA huangalia pia usalama. Rangi inayobanduka kwenye nyumba iliyojengwa kabla ya 1978, ngazi ya hatari isiyo na kishikio, paa linalovuja: vitu hivi hurekebishwa kabla mkopo haujatoka. Hata hivyo yeye si fundi mkaguzi na hatafungua kila tundu. Lipia mkaguzi wako mwenyewe.

Naweza kununua kwa FHA halafu nikapangisha?

Lazima uhamie ndani ya siku 60 na ukae angalau mwaka mmoja. Lakini jengo linaweza kuwa na makazi hadi manne: ishi katika moja, pangisha mengine.

Nina kibali cha kazi tu, sina kadi ya kijani. Ninastahili?

Kwa maombi ya tangu tarehe 25 Mei 2025, hapana. Kabla ya hapo iliwezekana, ndiyo maana bado unasikia watu wakisema walipata. Mwenye ukaaji wa kudumu, yaani kadi ya kijani, anaendelea kustahili. Wapo wakopeshaji wa mikopo ya kawaida wanaopokea wenye vibali vya kazi, kwa hiyo anza kwa kuwauliza hao, na uliza kabla hujalipia uthamini.