Vifaranga 11 na debe la mahindi mabovu

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mahindi yakishika ukungu, unayatupa au unawapa mifugo? Nilipolisoma swali tu, jibu likanitoka: tupa yote. Ila mngeanza kuuliza yalishikaje ukungu, maana hapo ndipo tunapokosea.

Huku kwetu Kongwa, Dodoma, mwaka ule mvua ilichelewa kukatika. Tulivuna mahindi hayajakauka vizuri kwa kuogopa wezi, tukayamwaga chini uani, usiku tunayafunika turubai. Turubai linatoa jasho. Siku ya kupukuchua, magunzi mengi yana vumbi la kijani penye mizizi ya punje. Mama mkwe akachambua: mazuri ya dona, mabovu debe moja na nusu kando. "Hayo ya bata," akasema. Nikaitikia, ndivyo nilivyolelewa, chakula hakitupwi.

Bata wangu alikuwa na vifaranga 11 vya siku sita. Nikaparaza yale mahindi, nikachanganya na mashudu ya alizeti, nikalowesha. Walikula kwa pupa mpaka sahani ikahama. Siku ya tatu wakasusa. Ya nne mmoja akawa anayumba, anaangukia ubavu, anainuka, anaanguka. Jioni binti yangu akaniletea mwingine kiganjani: miguu imenyooka nyuma, shingo imepinda hadi kisogo kinagusa mgongo, na bado anapumua. Akaniuliza, "Mama, nimlaze vipi?" Sikuwa na jibu. Hadi Jumapili hakubaki hata mmoja. Mama yao alikula sahani hiyohiyo na hakuonyesha ugonjwa wowote, ndiyo maana nililaumu baridi, nikalaumu na kicheche. Bwana mifugo alipompasua mmoja akanionyesha ini lililopauka, akauliza swali moja tu: wanakula nini?

Ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu wa nafaka. Uingereza mwaka 1960 iliua bata mzinga zaidi ya 100,000 kupitia mashudu ya karanga, ndipo wataalamu wakaanza kuifuatilia. Makueni, Kitui na wilaya jirani, Kenya, mwaka 2004 waliokufa walikuwa watu, 125. Mwaka 2016 ikaja kwetu Tanzania, Dodoma na Manyara. Kuchemsha ugali hakuiondoi, kukaanga kwa mafuta pia. Ng'ombe akiila, inatokea kwenye maziwa anayokunywa mtoto.

Lakini nikiandika haya namkumbuka mama mkwe. Yeye amelea watoto wanane kwenye miaka ya njaa, na debe moja na nusu kwake ni siku nyingi za kula. Kumwambia "tupa yote" ni rahisi kwangu mwenye gunia la pili ghalani.

Basi nalegeza, kwa masharti. Chambua punje kwa punje, zenye ukungu, zilizovunjika na zilizobadilika rangi zitoke. Zilizobaki koboa kabla ya kusaga, sumu inapungua japo haiishi. Na kabla ya kuhifadhi, tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, bado yana unyevu, rudisha mahindi juani. Vifaranga, mnyama mwenye mimba au anayekamuliwa, usiwape hata hizo zilizochambuliwa.

Mwaka jana nilipata kama kilo nne za namna hiyo. Baada ya kuchambua, zilizoonekana safi niliwapa majogoo, kwa hiyo nami sikutupa yote. Zenye ukungu nilizifukia nyuma ya choo, shimo la kufika gotini, bata wasije wakazifukua.