Usimwambie tena kwamba mama amesafiri

*Shangazi, mke wangu alifariki miezi mitatu iliyopita kwa ugonjwa wa figo. Binti yetu ana miaka mitano. Siku ya mazishi alipelekwa kwa jirani, na tangu hapo anaambiwa mama amesafiri. Bodaboda ikisimama nje tu, anakimbilia dirishani. Ameanza tena kukojoa kitandani. Mama mkwe hataki aambiwe hadi akue. Mimi nalilia bafuni nimefungulia bomba asinisikie. Nifanyeje? Baba K., Morogoro*

Baba K., pole sana kwa msiba. Mwambie, tena wiki hii. Mama mkwe wako amezika mwanawe na anataka kumkinga mjukuu, namwelewa. Lakini pale dirishani mtoto anaamini mama yupo mahali na hataki kurudi. Akiendelea kusubiri hivyo, atajiuliza alimkosea nini.

Kaeni kwanza na bibi na dada wa kazi mkubaliane kauli moja. Useme wewe mwenyewe, asubuhi ya siku ambayo huendi kazini, si wakati wa kulala. Mpakate, umwambie: "Mama hakusafiri. Figo zake ziliumwa sana, madaktari wakajitahidi, lakini mwili wake ulishindwa. Mama amekufa. Mtu akifa hapumui, hasikii njaa wala baridi, na hawezi kurudi. Tulikosea kukwambia amesafiri." Halafu nyamaza, umsikilize.

Neno ni "amekufa". Najua ni zito mdomoni, sisi tumezoea "ametangulia" na "amelala". Mtoto wa umri huo hulichukua neno kama lilivyo: ukisema amelala, ataogopa kulala, ukisema Mungu huchukua watu wema, ataogopa kuwa mwema. Mambo ya imani mweleze, ila baada ya kuelewa kilichotokea mwilini.

Huenda akalia. Huenda akaomba chapati na kwenda kucheza, kisha kesho akauliza mama anarudi lini. Usidhani hajali. Umri huo bado kifo hakijaeleweka kuwa ni cha moja kwa moja, na huzuni huja kwa vipande. Mjibu kwa maneno yaleyale kila mara.

Kuna jambo usingoje aulize: mwambie kwamba hakuna alichosema, alichofanya wala alichowaza kilichomuua mama. Wengi hujilaumu kimoyomoyo. Akiuliza kama na wewe utakufa, usiape kwamba hufi. Sema una afya, unatarajia kuishi naye miaka mingi, na ukipata shida yupo bibi, yupo mama mdogo. Mweleze pia kwamba mafua si ugonjwa ule wa mama. Na mtajie ni nani atakayemsuka Jumapili, nani atakayemchukua shuleni. Hayo yanamtia wasiwasi kuliko tunavyofikiri. Mwalimu wake naye ajue.

Kuhusu kukojoa, msimchape wala kumwaibisha mbele ya wenzake. Apelekwe msalani kabla ya kulala, mtandikie plastiki chini ya shuka, taa ya korido iachwe ikiwaka. Lakini kama anasikia maumivu akikojoa, ana homa, au anakunywa maji kupita kawaida, mpeleke hospitali akapimwe mkojo na sukari.

Kanga za mama zisigawiwe zote. Achague moja ya kujifunika, na msikimbilie kuifua, maana harufu ile ndiyo anayoitafuta. Kaburini mpeleke akikubali, ukimweleza mapema atakachokikuta. Akikataa, msubiri.

Akikaa wiki kadhaa hali chakula vizuri, hachezi, anagoma shule, au akisema anataka kufa amfuate mama, usingoje: nenda ustawi wa jamii wa halmashauri yenu au piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure.

Na huko bafuni, toka. Lia akuone, umwambie, "Nimemkumbuka mama." Akikufuta machozi mwache, kisha mwambie wewe ndiye mkubwa, na chakula cha jioni utakipika kama kawaida.