Fedha za kuzuia watu wasikose makao: zitaingiaje kwenye bajeti ya kaunti?

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha wakazi wa Nyalenda B, Kisumu. Kila mwezi tunaona familia zikifungiwa nyumba kwa kufuli kwa sababu ya malimbikizo ya kodi ya mwezi mmoja au miwili, na baada ya wiki chache tunawakuta baadhi yao wakilala kwenye vibaraza vya maduka huku watoto wametawanywa kwa jamaa. Mwezi Mei tulihudhuria kikao cha umma kuhusu bajeti tukaomba kaunti itenge fedha za kuwasaidia watu wa namna hiyo kabla hawajapoteza makao. Afisa mmoja alitujibu kwamba nyumba ni kazi ya serikali ya kitaifa na kwamba tozo ya nyumba tayari inakatwa kwenye mishahara. Mwingine alisema wazo letu ni zuri ila tumechelewa. Je, ni kweli? Na tukitaka fedha hizo zitengwe, tuanzie wapi?

JIBU: Ndugu Katibu, afisa wa pili aliwaeleza ukweli, ingawa angefanya vyema zaidi kuwaambia mmechelewa kwa sababu gani. Wa kwanza alikosea. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaiachia serikali ya kitaifa sera ya nyumba, lakini linaitaja nyumba yenyewe waziwazi miongoni mwa kazi za kaunti, chini ya mipango na maendeleo ya kaunti. Jambo hili lina uzito wa kibajeti. Januari 2025 Msimamizi wa Bajeti, afisa wa kikatiba anayesimamia utekelezaji wa bajeti za serikali zote mbili, alizitaka kaunti ziwe na makubaliano rasmi na serikali ya kitaifa kabla ya kutumia fedha kwa basari za wanafunzi wa sekondari na vyuo, kwa hoja kwamba ngazi hizo za elimu si kazi za kaunti, na suala hilo likafika mahakamani. Ombi lenu halina kikwazo hicho, nanyi mliseme hilo mapema kabla hamjaulizwa.

Kuhusu tozo, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara ghafi na mwajiri wake anaongeza kiasi kama hicho. Fedha hizo kimsingi ni za kujenga. Sheria hiyo inatambua nyumba za kijamii kwa wenye kipato cha chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na bila shaka wengi wa majirani zenu wanaingia katika kundi hilo, lakini mama aliyefungiwa mlango Jumatatu hii hawezi kungoja jengo la ghorofa likamilike. Kujenga nyumba mpya na kumzuia mtu asitoke katika nyumba aliyomo ni kazi mbili, na ya pili ndiyo isiyo na fungu. Msiilaumu tozo katika waraka wa ombi mtakaoupeleka kaunti. Andikeni tu kwamba haifiki pale mnapopazungumzia.

Sasa tuje kwenye suala la kuchelewa, ambalo ndilo kiini cha swali lenu. Kikao cha Mei huwa kinajadili makadirio ambayo serikali ya kaunti lazima iwe imeyawasilisha katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Wakati huo kila idara imeshapewa kikomo cha matumizi, na kanuni za usimamizi wa fedha za umma kwa kaunti, za mwaka 2015, zinalizuia Bunge la Kaunti kuongeza au kupunguza fungu la idara kwa zaidi ya asilimia moja ya kikomo hicho. Juu ya hayo, kila nyongeza sharti ifidiwe kwa kupunguza mahali pengine. Kwa hiyo hata mwakilishi wenu wa wadi angekuwa na moyo wa dhahabu, mwezi Mei ana nafasi finyu sana ya kuingiza programu ambayo haikuwemo. Wananchi wengi hujaza ukumbi mwezi huo, wakasaini karatasi ya mahudhurio, wakaomba barabara, maji na zahanati, kisha wakarudi nyumbani wakidhani hawakusikilizwa, ilhali uamuzi uliokuwa wazi kubadilishwa ulipita miezi mitatu nyuma bila ya mtu kuwapigia kengele. Naiona hiyo kama kasoro kubwa ya ushirikishaji wa umma katika kaunti zetu, Kisumu, Nakuru na kwingineko: umati unaitwa mahali penye machache ya kuamua kuliko kote.

Kalenda yenyewe imo katika Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka huwasilishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, na unahusu mwaka wa fedha utakaoanza Julai inayofuata. Mapitio na Mwelekeo wa Bajeti hufuata kufikia tarehe 30 Septemba, halafu idara huketi katika vikao vya sekta. Kisha kufikia tarehe 28 Februari, Hazina ya Kaunti hupeleka bungeni Taarifa ya Mkakati wa Fedha, ambayo ndiyo inayogawa vikomo baina ya idara, na Bunge lina siku 14 tu za kuijadili. Sheria inaitaka Hazina ichukue maoni ya umma wakati wa kuiandaa taarifa hiyo. Kama kikundi chenu kina nguvu ya kuhudhuria mara mbili tu kwa mwaka, nendeni Agosti kabla ya mpango wa mwaka kufungwa, na Januari au mwanzo wa Februari kabla ya vikomo kupangwa.

Agosti ina umuhimu wake kwa sababu nyingine ya kisheria. Kifungu cha 104 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinasema fedha za umma hazitatengwa nje ya mipango iliyoidhinishwa. Ombi lisilo na mahali pa kujishikiza katika Mpango Jumuishi wa Maendeleo, yaani mpango wa kaunti wa miaka mitano, wa 2023 hadi 2027 na katika mpango wa mwaka linaweza kukataliwa bila kujadiliwa ubora wake. Chukueni nakala ya mpango jumuishi, mtafute sura ya nyumba na maendeleo ya miji, mnakili jina la programu kama lilivyoandikwa, kisha mliombe fungu lenu kama sehemu ya programu hiyo. Msibuni jina jipya la kupendeza. Mchumi wa idara anayejaza jedwali la bajeti anatafuta mstari uliokwishakuwepo, na mkimrahisishia kazi mmeshapata mwenzenu ndani ya ofisi. Maandalizi ya mpango jumuishi utakaofuata ule wa 2027 yatawapa fursa ya kuingiza kinga dhidi ya kukosa makao kama programu inayosimama yenyewe.

Kuna ugumu mmoja wa kitaalamu ambao watetezi wengi wa nyumba hawautambui. Fedha za kumlipia mtu malimbikizo ya kodi ni matumizi ya kawaida, si matumizi ya maendeleo, kwa kuwa haziachi jengo wala mtambo. Sheria inazitaka kaunti zielekeze angalau asilimia 30 ya bajeti kwenye maendeleo katika kipindi cha kati, na kanuni zinaweka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato, kiwango ambacho kaunti nyingi zinahangaika kukifikia. Maana yake ni kwamba ombi lenu halishindani na barabara wala soko. Linashindana na mishahara, dawa, mafuta ya magari, posho za safari na madeni ya wanakandarasi yanayosubiri malipo. Mkisema "punguzeni barabara moja mtupe sisi" mtamkera kila mwakilishi wa wadi na bado hamtakuwa mmegusa mfuko unaohusika. Fungueni makadirio yaliyochapishwa, upande wa matumizi ya kawaida, mtazame mistari ya usafiri wa ndani, usafiri wa nje, ukarimu, matangazo na mafunzo, mlinganishe mwaka huu na uliopita, kisha mpendekeze kwa jina na kwa kiasi ni mstari upi upunguzwe. Waraka unaotaja chanzo cha fedha husomwa tofauti na waraka unaotaja shida peke yake.

Shida nayo lazima ihesabiwe. Sensa ya kitaifa ya familia za mitaani ya 2018 ilihesabu watu 46,639 nchini, wakiwemo 2,746 katika Kaunti ya Kisumu na 2,005 katika Nakuru. Takwimu hizo zitumieni kuonyesha ukubwa wa jambo, lakini jueni kwamba zinawahusu walioko mitaani tayari, na ninyi mnawazungumzia wale ambao wangali na mlango. Hao hakuna atakayewahesabu isipokuwa ninyi. Anzeni daftari sasa: ploti ipo mtaa gani, kodi ni kiasi gani, malimbikizo ni ya miezi mingapi, chanzo ni nini (ugonjwa, msiba, kazi kusimama, mafuriko ya mto Auji), na familia ilikwenda wapi baada ya kufungiwa. Msiandike majina katika nakala mtakayoipeleka ofisini. Miezi sita ya daftari hilo ina uzito kuliko hotuba kumi.

Kutoka hapo hesabu ni nyepesi. Tuseme, kwa mfano tu, daftari linaonyesha kodi ya wastani ya shilingi 3,500 na malimbikizo ya miezi miwili, yaani shilingi 7,000 kwa familia. Familia 300 zitahitaji shilingi 2,100,000, na mkiongeza asilimia 10 kwa uhakiki na usimamizi mnapata shilingi 2,310,000. Kwa kaunti hicho ni kiasi kidogo, na udogo wake ni silaha yenu: ombeni majaribio ya mwaka mmoja katika wadi chache, yenye kipimo kinachoeleweka, kwa mfano idadi ya familia zilizobaki katika nyumba zilezile miezi sita baada ya kusaidiwa. Bajeti za kaunti hutakiwa kupangwa kwa programu na matokeo, hivyo kipimo hicho kina safu yake tayari katika jedwali.

Mtaulizwa pia kuhusu udanganyifu, na swali hilo ni la haki. Pendekezeni kwamba fedha zilipwe moja kwa moja kwa mwenye nyumba, asipewe mpangaji mkononi. Kwamba mwenye nyumba atie saini ya kutomhamisha wala kumpandishia kodi kwa angalau miezi mitatu. Kwamba familia isaidiwe mara moja tu katika miaka miwili. Na kwamba kamati ya mtaa ihakiki maombi lakini isiwe ndiyo inayoidhinisha malipo. Sharti hilo la mwisho litawauma baadhi ya wanachama wenu, ila bila hilo fungu litageuka kuwa zawadi ya wanasiasa kabla mwaka haujaisha. Ikiwa kaunti itapendelea kuunda mfuko maalumu, kifungu cha 116 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma kinamruhusu waziri wa fedha wa kaunti kufanya hivyo kwa idhini ya kamati tendaji na ya Bunge. Kwa majaribio sioni haja yake, kwani mfuko huleta gharama zake.

Hoja za kikatiba ziwekeni ukurasa wa kwanza, kwa ufupi. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya nyumba inayofaa na inayofikika. Ibara ya 20(5) ndiyo yenye meno zaidi kwenu: serikali ikidai haina rasilimali za kutimiza haki hiyo, ni juu yake kuonyesha kwamba hazipo. Hivyo jibu la "hakuna pesa" linaweza kudaiwa maelezo. Msiende zaidi ya hapo katika waraka wa bajeti, maana waraka unaosomeka kama kesi hupelekwa kwa mwanasheria wa kaunti, na huko hukaa.

Waliofurika maji au kubomolewa nyumba msiwachanganye na wapangaji wenye malimbikizo. Mfuko wa dharura wa kaunti umekusudiwa mahitaji ya haraka yasiyotarajiwa, na mafuriko yanayorudi Nyando na Budalangi kila msimu wa mvua kubwa ni vigumu kuyaita yasiyotarajiwa. Hayo yanapaswa kuwa na fungu lake katika bajeti ya kawaida. Wanaoondolewa kwenye ardhi wana kinga nyingine, ikiwemo notisi ya miezi mitatu chini ya marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Ardhi, na hilo linahitaji wakili zaidi kuliko bajeti.

Waraka wenu ukiwa tayari, usizidi kurasa nne. Upelekeni Hazina ya Kaunti, idara inayosimamia nyumba, kamati ya bajeti ya Bunge na mwakilishi wenu wa wadi, na kila nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Ulizeni ni nani anayewakilisha akina mama, watu wenye ulemavu, wazee na makundi ya dini katika Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, lililoundwa chini ya kifungu cha 137 cha sheria hiyohiyo ya usimamizi wa fedha za umma, mkakutane naye kabla ya Februari. Gavana ndiye mwenyekiti wa jukwaa hilo, na neno likisemwa humo huingia kwenye kumbukumbu za kikao.

Fungu likipitishwa, kazi haijaisha, kwa maana fedha zilizotengwa na fedha zilizotumika ni vitu viwili. Msimamizi wa Bajeti huchapisha kila robo mwaka ripoti ya utekelezaji wa bajeti za kaunti, ikionyesha kila idara ilitengewa nini na ikatumia nini. Ripoti hiyo huenda isishuke hadi kwenye mstari mdogo kama wenu, kwa hiyo iombeni idara yenyewe iwape takwimu zake kwa maandishi, mkitegemea Ibara ya 35 ya Katiba kuhusu haki ya kupata habari. Fanyeni hivyo mara robo ya pili inapokwisha mwezi Desemba. Bajeti ya ziada, yaani marekebisho ya bajeti katikati ya mwaka wa fedha, mara nyingi huandaliwa baada ya hapo, na mstari ambao haujatumika hata shilingi ndio hupunguzwa kwanza.